Kwa nini naomba mnirikodie maulidi

Shemeji yangu kauliza kwenye kundi letu la WhatsApp: wewe uko Uingereza, intaneti unayo, kaswida zimejaa YouTube, mbona kila Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, watuomba tukurikodie maulidi ya mtaani? Mpwa wangu akaongeza: kwani huko hamsomi? Najibu yote mawili, na najibu kwa urefu, maana sisi wa huku tumezoea kukutumieni picha za theluji na mambo mengine tukayanyamazia.

Twasoma. Lakini tarehe 12 ya mwezi huo, siku ya maulidi yenyewe, ikiangukia Jumanne, Jumanne hiyo mimi niko zamu, namwogesha mzee wa watu na kumbadilisha shuka. Maulidi yetu yatangoja Jumamosi ambayo ukumbi wa kukodi utapatikana, na saa nne usiku ufunguo unatakiwa. Kwa hiyo husomwa milango michache, yaani sura, ya Barzanji, kitabu cha maulidi, tukasimama, tukala biriani, tukaanza kufagia. Wanaotayarisha wanajitolea kweli, fedha na nguvu zao, nami nawaombea kheri. Upungufu ni wa wakati na wa watu.

Watu hasa. Barzanji aliitunga Sheikh Jaafar al-Barzanji kule Madina karne ya 18, na kitabu ni kile kile popote ukifungua. Ila kwetu Wete, Pemba, maulidi hayamo kitabuni peke yake. Msomaji akimaliza mlango, kaumu nzima inapokea kile kiitikio cha kuomba kaburi la Mtume litiwe manukato ya sala na salamu, na chetezo kinazunguka wakati huo huo, kila mwanamke anakifukizia mtandio wake. Halafu anapewa mwengine asome. Mmoja ana sauti nyembamba ya kupanda, mwengine anasoma taratibu kama anahesabu karafuu. Akiletwa mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma mbele ya watu kwa mara ya kwanza, ua mzima unakaa kimya, na akikwama bibi watatu wanamtolea neno kwa pamoja. Likifika tamko la kuzaliwa Mtume tunasimama, mrashi unapita, wachanga wanaamka na kulia, na marhaban haikatiki.

Sauti hiyo YouTube haina. Kaswida za studio nazipenda, nazisikiliza ndani ya basi alfajiri ninapokwenda kazini, na zimenipa nguvu siku nyingi ambazo sikuwa nazo. Lakini zimesafishwa, hapana anayekohoa. Nikiitikia, naitikia peke yangu. Mkinirikodia nyinyi namsikia mama mdogo, namsikia jirani wa ng'ambo ya pili, najua nani kakaa karibu na mlango. Ndipo namsalia Mtume na machozi yananitoka, na sioni haya kusema.

Mama alipofariki sikuweza kuja, mwalijua hilo. Siku ya hitima mliweka simu katikati ya mkeka, nami nilikuwa ndani ya stoo ya kazini, mlango nimeurejesha. Nilifuata tahlili kwa midomo tu, sauti isitoke nje. Watu husema ughaibuni kubaya kwa baridi. Baridi huvalia koti. Msiba wa mama kuuitikia bila sauti, huo sikuupatia dawa.

Huku walionishika mkono mwanzo ni wanawake wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Wanasema Chimwini, Kiswahili cha kwao, ukitega sikio kidogo waelewana nao, na wanasoma Barzanji. Nilipowaambia natoka Pemba wakamtaja Sheikh Uways, Mbarawa mwenzao aliyeitia nguvu Kadiria, tarika ya kisufi, mpaka Unguja, zama za Sultani Sayyid Barghash. Aliuawa mwaka 1909, na jina lake bado linatosha kuwakalisha mkeka mmoja wanawake wasiojuana, kwenye mji wa mvua. Wapo pia wanaotuambia kuwa maulidi ni bidaa, uzushi katika dini. Mjadala huo na kwetu upo, siurefushi. Mimi nilipo napajua.

Kinachonikosesha usingizi ni watoto. Wangu wanasoma Kurani vizuri, alhamdulillahi, tajwidi yao inanishinda mimi. Lakini kiitikio kikifika wananyamaza wakinitazama. Hawajapata kukaa ua lenye wanawake hamsini wakamezwa na sauti ile, na kitu hicho hakifundishwi kwa karatasi. Nawachezea rikodi zenu jikoni nikipika, na yule mdogo keshaanza kuitikia kabla yangu.

Basi simu msiiweke mbele ya kipaza sauti. Iwekeni kati ya wanaoitikia, msikate palipo na kelele, na mnambie nani kasoma mlango gani.

Na wewe mpwa wangu, unayeulizia viza kila wiki: kazi zipo, zachosha, pesa nyingi huishia kwenye kodi ya nyumba, hayo tutazungumza kwa simu. Ila kabla hujaja, kakae na nyanya yako akusomeshe milango yote na mahadhi yake mpaka uisome bila kuangalia. Wasomaji wa kike huku tunao wawili, na mmoja wao magoti hayamruhusu tena kusimama.