Maswali na Majibu: Sifa za Kilatini katika Majina ya Wanyama

Mwalimu, kwa nini yangeyange mkubwa anaitwa Casmerodius albus katika kitabu kimoja na Ardea alba katika kingine? (Msomaji, Malindi)

Ndege ni yuleyule. Neno la pili ni kivumishi chenye maana ya weupe, na kivumishi cha Kilatini hulazimika kukubaliana na jinsi ya nomino yake, kama vile vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli. Casmerodius ni nomino ya kiume, kwa hiyo hutaka albus. Ardea ni ya kike, nayo hutaka alba. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka mfumo huu wa majina mawili, alimwita Ardea alba mwaka 1758, baadaye wataalamu wengine wakamhamishia katika jenasi nyingine (kundi la spishi za karibu, ambalo jina lake ndilo neno la kwanza), na aliporudishwa, mwisho wa neno nao ukarudi. Nashauri mwanafunzi ashike shina la neno badala ya kukariri umbo moja.

Mbona Corvus albus ni kunguru mweusi? (Msomaji, Watamu)

Kifua na shingo yake ni vyeupe, na hilo lilitosha. Jina lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata kanuni hudumu, hata kama halimwelezi mnyama mzima.

Ng'amba anaitwa Eretmochelys imbricata. Neno hilo la pili lasema nini? (Msomaji, Shela, Lamu)

Lasema kwamba magamba yake yamepandiana kama vigae vya paa. Naliona kuwa miongoni mwa majina yaliyotungwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu latufundisha mahali pa kutazama: magamba ya mgongoni mwa kasa wa kawaida, Chelonia mydas, hukaa ubavu kwa ubavu, ilhali ya ng'amba hulaliana, la mbele likifunika ukingo wa la nyuma. Inasikitisha kwamba magamba hayohayo ndiyo yaliyomfanya awindwe kwa karne nyingi kwa ajili ya vitana na mapambo, hata leo yu katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani.

Je, neno la pili huanza kwa herufi kubwa likitokana na jina la mahali au la mtu? (Msomaji, Gede)

Hapana, kamwe. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio jirani nanyi, yuko ndege mdogo Anthus sokokensis, ambaye mwisho wake wa -ensis huonyesha mahali, na yuko bundi mdogo Otus ireneae, ambaye -ae yake huonyesha kwamba aliyeenziwa ni mwanamke, Irene Morden. Yote mawili huandikwa kwa herufi ndogo.