Selo na piano: anzeni na chenye noti chache

Mkiwa wawili, mmoja selo (ala ya nyuzi kama fidla kubwa, hupigwa kwa upinde) mwingine piano, najua mtakachokimbilia: sonata za Beethoven. Ni tamu, lakini ushauri wangu ziacheni kabatini kwanza. Chukueni "Spiegel im Spiegel" ya Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia. Aliiandika mwaka 1978 kwa fidla na piano, ila kwa sikio langu selo ndiyo inaimudu zaidi.

Kwenye karatasi utaona kama hamna kitu. Piano inapanda noti tatu tatu, zenye urefu uleule, ukurasa baada ya ukurasa. Selo inaanza na kifungu cha noti mbili tu, kisha vifungu vinarefuka noti moja moja. Kimoja kikipanda, kinachofuata kinashuka, na vyote vinatua kwenye noti ya A. Pärt alifikia mtindo huu baada ya miaka kadhaa ya kutunga kwa nadra sana, akijifunza nyimbo za kale za kanisa.

Sasa ipigeni. Mimi nipo upande wa piano, na adui yangu ni kidole gumba. Kikitua kizito, noti moja inawazidi wenzake, na hakuna noti nyingine za kuificha. Dawa ni kurudia hizo tatu peke yake, polepole, bila kanyagio, mpaka zilingane uzito. Kanyagio lije baadaye, ulibadilishe besi inapobadilika.

Mpiga selo mtihani wake ni upinde. Noti ni ndefu, na mkono una tabia ya kumaliza nusu ya upinde kwenye pigo la kwanza. Mwishoni kimebaki kipande kidogo na sauti inakwaruza. Ahesabu mapigo yote kabla hajagusa uzi, agawe upinde kama anayegawa mshahara. Vibrato, ule mtikisiko wa kidole kwenye uzi, aipunguze mpaka karibu iishe. (Hilo hawapendi kuambiwa. Mwenzangu alinuna.)

Jirekodini kwa simu, feni mkiwa mmeizima. Msikilize sehemu moja tu: pale selo inapobadili mwelekeo wa upinde. Kama piano imekaza mwendo hapo, mpiga piano alikuwa anasikiliza vidole vyake.

Ikishakaa, nendeni kwenye "Le Cygne" (yaani batamaji) ya Saint-Saëns, mtunzi wa Ufaransa, ya mwaka 1886. Katika vipande vyake vya wanyama, hicho ndicho pekee alichoruhusu kichapishwe akiwa hai. Vibrato hapo ni ruksa, kwa hiyo mwenzako atarudisha uso wa furaha.