Maswali ya wasomaji: Mhadhiri wa uhasibu na malezi ya tabia

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaam aleykum. Mimi ni mkuu wa idara katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja. Mwaka huu tumetakiwa kila somo lioneshe namna linavyojenga tabia njema kwa wanafunzi. Tulifanya semina ya siku moja, tukagawa waraka, na hakuna kilichobadilika. Wahadhiri wananiambia kwamba wao ni walimu wa uhasibu na sayansi ya bahari, si maustadhi, na kwamba vijana hawa wamekuja wakiwa watu wazima waliokwisha kulelewa majumbani na katika vyuo vya Kurani. Niwasaidie vipi? (Mkuu wa idara, Unguja)

JIBU: Wa aleykum salaam, ndugu yetu. Wahadhiri wako wamesema kweli kwa kiasi kikubwa, nami nakuomba usiwapuuze. Kijana wa Kizanzibari anapoingia chuo kikuu amekwisha kupita mikononi mwa mama, bibi, ustadhi na jirani aliyekuwa na haki ya kumkanya njiani. Lakini hao wote hawakumfundisha uaminifu wa mtu anayeandika takwimu, wala ujasiri wa muuguzi mgeni kazini anayemwambia mkubwa wake kwamba dozi iliyoandikwa imezidi. Fadhila za namna hiyo zimo ndani ya kazi yenyewe, na anayeweza kuzifundisha ni yule anayeijua kazi.

Chukulia mwalimu wa sayansi ya bahari aliyewatuma wanafunzi Paje, ambako mwani unalimwa tangu 1989, wakapime ukuaji wake. Kazi hiyo hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Siku za maji mafu, yasipokupwa sana, mashamba mengi hayafikiki kwa miguu. Mwanafunzi mmoja analeta jedwali safi kabisa, lakini siku aliyoiandika, ukiitazama kalenda ya mwezi, ilikuwa ya maji mafu. Mwalimu anaweza kumpa sifuri na kunyamaza. Anaweza pia kumwita, akamsikiliza, akamweleza kwamba kuna mama atakayeamua apande mbegu ipi kwa kutegemea jedwali kama hilo, kisha akamrudisha Paje bamvua lijalo akapime upya, miguu ikiwa majini. Mwalimu huyo hakuhubiri hata neno moja, wala hakutoka nje ya somo lake, lakini amemfundisha uaminifu na subira kwa namna ambayo waraka wenu hauwezi.

Njia hiyo ya pili, hata hivyo, inataka muda, na hapo ndipo ninapodhani semina yenu ilikwama. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 wa theolojia, waliopitishwa mahali palipokuwa na mtu aliyejikunyata akikohoa kama mgonjwa. Kati ya wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa kwamba wamechelewa, asilimia 10 tu. Baadhi yao walikuwa wakienda kuzungumzia kisa cha Msamaria mwema, yule wa katika Injili aliyemsaidia majeruhi njiani, na hilo halikuleta tofauti ya maana. Basi mhadhiri mwenye karatasi 200 za kusahihisha kabla ya Ijumaa atalipita jedwali la uongo kama wale vijana walivyompita mgonjwa, hata akiwa mtu mwema. Kama una uwezo wa kumpunguzia kipindi kimoja, au kumpatia msaidizi wa kusahihisha, anzia hapo kabla ya kuitisha semina nyingine.

Nafasi ikipatikana, wakutanishe wahadhiri wanne au watano walio tayari, kila baada ya wiki mbili, na kila mmoja aje na zoezi moja analowapa wanafunzi wake. Wenzake wamuulize: zoezi hili linataka fadhila gani, na wanafunzi huteleza wapi? Mwalimu wa uhasibu huenda akagundua kwamba anatoa alama kwa hesabu zinazolingana tu, na hivyo bila ya kukusudia anamzawadia aliyezilazimisha zilingane. Achague fadhila moja, abadilishe zoezi moja, kisha arudi kusema kilichotokea.

Mazungumzo hayo yatawagusa wao wenyewe pia, nawe usiyazuie. Imamu al-Ghazali, ambaye kwake tabia ni hali iliyotulia nafsini hata matendo yakatoka kwa wepesi, alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiyya cha Baghdad tangu 1091. Mwaka 1095 aliiacha kazi ile, baada ya kujichunguza na kuona kwamba kilichomsukuma kufundisha ni kutafuta jaha na sifa. Sisemi wahadhiri wako waache kazi. Nasema mtu wa daraja yake alihitaji kuitazama nia yake, na mhadhiri hawezi kufanya hivyo vizuri mbele ya mkubwa anayemjazia fomu ya tathmini. Kwa hiyo vikao hivyo viwe mbali na fomu zako.

SWALI: Je, tabia ya mwanafunzi ipewe alama kama masomo mengine? (Msomaji, Wete)

JIBU: Hapana. Ukiitia alama utakuwa unafundisha riya, kwani kijana atajifunza kuonekana mwema mbele ya anayeandika. Inayoweza kupewa alama ni kazi: kwa mfano, ukurasa mmoja ambamo mwanafunzi anaeleza vipimo vyake viliharibika wapi na alifanya nini baada ya hapo. Atakayekiri kosa lake kwa ukamilifu asipunguziwe kwa sababu ya kosa hilo, na wanafunzi wote waelezwe hivyo tangu siku ya kwanza ya muhula.