Maswali ya Wasomaji: Plastiki Ikitandazwa Nyembamba Kupita Kiasi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kemia hapa Lubumbashi. Tulifundishwa kwamba polistireni, plastiki ya zile bilauri angavu zinazopasuka ukizibana, huanza kulainika inapokaribia nyuzi 100 za selisiasi. Je, ikitandazwa nyembamba sana, joto hilo hubaki lilelile?
Msomaji, Kampemba

JIBU: Ndugu msomaji, mara nyingi halibaki, ila usiulaumu wembamba peke yake. Mwaka 1994, Keddie, Jones na Cory wa Cambridge, Uingereza, walitandaza polistireni juu ya silikoni (ile ya kutengenezea chipu za kompyuta), wakaupasha moto utando huo huku wakiupima unene kwa mwanga. Plastiki iliyo ngumu kama kioo hutanuka kidogo tu ikipata joto, na ikishalainika hutanuka zaidi. Pale mstari wa unene kwenye grafu unapopinda, ndipo lilipo joto tunalolitafuta. Utando ulipokuwa chini ya nanomita 40 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), joto hilo lilianza kushuka, na kwenye nanomita 10 lilikuwa limeshuka kwa takriban nyuzi 25.

Chanzo ni uso. Molekuli iliyo ndani imebanwa pande zote, kama mtu aliyesongwa katikati ya soko la Kenya hapa Lubumbashi, lakini iliyo juu haina jirani upande wa hewani, kwa hiyo hujongea hata joto likiwa dogo. Katika utando mnene sehemu hiyo haihesabiki. Katika utando mwembamba ndiyo inayotawala. Tando zisizoegemea kitu, zenye hewa juu na chini, zilionekana mwaka 1996 kushuka hata kwa nyuzi 70.

Upande wa chini nao una neno lake, na kwangu hapo ndipo penye uzito. Keddie na wenzake walipotumia pleksi, plastiki nyingine angavu kama kioo, badala ya polistireni, joto lilishuka juu ya dhahabu, lakini juu ya silikoni yenye oksidi lilipanda, kwa kuwa pleksi hujishikiza kwa nguvu kwenye oksidi hiyo. Kwa hiyo, mtu akikutajia unene tu, muulize kwanza utando umelazwa juu ya nini.

Ukipata nafasi ya kujaribu maabarani, upashe utando kwanza kupita nyuzi 100 kwa saa kadhaa, ili tolueni, kile kimiminika ulichoyeyushia plastiki, itoke yote, kwani tolueni iliyobaki nayo hulainisha polistireni, nawe utadhani umepima wembamba kumbe umepima tolueni.