Maswali na Majibu: Kadi nyekundu bila njano, na kocha aliyejitoa mwenyewe

SWALI

Shikamoo mwalimu. Ninafundisha timu ya mpira wa wavu ya wasichana ya chuo kimoja hapa Dodoma. Tulicheza na chuo kingine kwenye kiwanja cha wazi, na upepo wa mwezi wa nane unaujua. Tulikuwa tunaongoza seti 2 kwa 1. Seti ya nne, tukiwa mbele 23-21, mwamuzi wa kwanza, yule anayesimama juu ya ngazi, akampigia seta wangu (mchezaji anayewapangia wenzake mpira) filimbi ya dabo, yaani kugusa mpira mara mbili mfululizo, mara ya tatu siku hiyo. Nikainuka, nikaenda hadi kwenye ngazi yake nikamuuliza ni dabo ipi hiyo anayoiona peke yake, na kwa kweli nilimwambia akaangaliwe macho. Akanionyesha nyekundu moja kwa moja, bila njano. Nikachukua begi langu nikaenda kukaa nje ya uzio. Msaidizi wangu alipoomba muda wa mapumziko akakataliwa. Tukafungwa 25-23, na seti ya tano 15-11.

Kabla ya hapo, seti ya pili, tulifutiwa alama tatu eti mchezaji aliyeanzisha mpira hakuwa zamu yake. Sikusema kitu.

Naomba kujua: nyekundu bila njano ni halali? Kwa nini msaidizi alikataliwa? Dabo si imeondolewa? Naona kwenye video za vyuo vya Marekani seta anagusa hovyo na mchezo unaendelea, na makocha wanazungumza na waamuzi kwa kirefu bila kadi. Tumeshaandika barua kwa waandaaji kesho yake. Itasaidia?

Nimesahau kueleza: seti ya kwanza mchezaji wangu mmoja alipewa njano kwa kupigiza mpira chini kwa hasira.

JIBU

Marahaba, kocha. Hiyo sentensi yako ya mwisho, uliyokaribia kuisahau, ndiyo yenye jibu la swali la kwanza.

Kwenye wavu njano si adhabu. Ni alama kwamba timu imefika ukingoni. Mwamuzi wa kwanza akiona utovu mdogo wa nidhamu anaanza na onyo la mdomo kupitia nahodha, kisha inakuja njano. Njano anaonyeshwa mtu mmoja, lakini uzito wake unabebwa na timu nzima hadi mechi iishe. Msichana wako alipopigiza mpira chini seti ya kwanza, alitumia njano ya wote: wachezaji, msaidizi, daktari wa timu, na wewe. Kuanzia hapo anayefuata kukosea anakutana na nyekundu, hata kama yeye binafsi hajawahi kuonywa. Ila hakikisha njano ile ilikuwa ya nidhamu. Ipo nyingine ya kuchelewesha mchezo, ambayo mwamuzi huionyesha akiwa ameigusisha kwenye kifundo cha mkono. Hiyo ina hesabu yake pembeni na haichanganywi na hii.

Hata hivyo, kwa maneno ya "kaangaliwe macho", mimi nisingehitaji kutafuta njano yoyote. Hiyo ni lugha isiyo ya adabu, na kanuni za FIVB, shirikisho la mpira wa wavu duniani, zinairuhusu nyekundu ya papo hapo. Mwamuzi mkali zaidi angeyahesabu kuwa matusi, akashika njano na nyekundu pamoja katika mkono mmoja, na hapo ungetolewa hadi seti iishe. Kwa hiyo ulipewa kadi iliyo nafuu.

Nayo hukuielewa. Nyekundu ya wavu si nyekundu ya mpira wa miguu. Haimtoi mtu. Inawapa wapinzani alama moja na haki ya kuanzisha mpira, basi. Wewe unabaki kwenye benchi lako, unaomba mapumziko, unabadilisha wachezaji, unaelekeza timu kama kawaida. Matokeo yalikuwa 23-22 baada ya dabo, kadi ikayafanya 23-23, na ulikuwa bado na kazi ya kufanya. Hakuna aliyekutoa. Ulijitoa mwenyewe, tena bila ruhusa ya waamuzi, ukawaachia wasichana wa chuo seti iliyobakiza alama mbili. Sijui kama umeshawaeleza hilo.

Ukitaka kuona jinsi nyekundu inavyouma, fikiria seti ya tano ikiwa 14-13 kwa wapinzani. Kocha akipata nyekundu hapo, mechi imekwisha. Alama ya kadi inahesabiwa sawa na alama ya smashi.

Sasa msaidizi wako. Kocha msaidizi anakaa kwenye benchi bila haki ya kuingilia mchezo. Kocha akiondoka, kwa sababu yoyote ile, msaidizi anaweza kushika nafasi yake, lakini ni baada ya nahodha aliye uwanjani kumthibitishia mwamuzi. Wewe uliondoka, nahodha hakuambiwa kitu, msaidizi akaibuka na ishara ya mapumziko. Kwa mwamuzi wa pili, yule anayesimama chini, huyo ni mtu asiye na mamlaka ya kuomba. Ombi la namna hiyo linakataliwa na kuandikwa kwenye karatasi ya mechi. La kwanza halina madhara zaidi ya hapo. Likirudiwa katika mechi hiyohiyo linahesabiwa kuwa ni kuchelewesha mchezo. Nahodha angeweza kulimaliza kwa sentensi moja, au akaomba mapumziko yeye mwenyewe kwa kuwa kocha hayupo.

Tuje kwenye dabo, maana hapo ndipo ulipowaka.

Uliyoyaona kwenye video ni kweli, ila ni ya kwao. Vyuo vya Marekani vinaendeshwa na kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya huko, na mwaka 2024 NCAA iliruhusu katika wavu wa wanawake mchezaji agusane na mpira zaidi ya mara moja kwenye mguso wa pili wa timu, ilimradi mpira ubaki upande wake. Waliona filimbi ile inazua mabishano mengi kuliko faida yake, wakaifuta. Hata mazungumzo ya kocha na mwamuzi unayoyaona yana utaratibu wa kwao, pamoja na haki ya kuomba marudio ya video pale penye vifaa. Sisi huku tunacheza kwa kanuni za FIVB, na kwa FIVB seta akigusa mara mbili bado ni kosa. Mguso wa kwanza wa timu, mfano wa kupokea mpira wa kuanzishia, ndio ulioachiwa: hapo mpira unaweza kugusa sehemu zaidi ya moja za mwili mfululizo, ilimradi iwe ni tendo moja. Anayepokea anasamehewa, anayepanga hasamehewi. Wachezaji wengi hawaijui tofauti hiyo, wanadhani mwamuzi ni ndumilakuwili.

Inawezekana mwamuzi wako alikosea? Inawezekana sana. Wapo wenzangu wanaopuliza wakiona tu mpira unazunguka baada ya kutoka mikononi, wakati mpira kuzunguka peke yake si ushahidi wa dabo. Lakini sikiliza: dabo ni suala la jicho. Mwamuzi ameona, au amedhani ameona, na alichoamua ndicho. Hakuna nahodha, kocha, wala kamati itakayobadilisha. Ni sawa na mpira kuangukia ndani au nje ya mstari, kugusa au kutogusa bloki (mikono ya wanaozuia wavuni). Mahali pasipo video, mabishano ya jicho hayana mshindi, na kwa upepo ule wa Dodoma dawa ilikuwa kumwambia seta aache vidole, mipira mibaya aipange kwa mikono ya chini. Filimbi ya kwanza ya dabo ilitosha kukupa ujumbe huo. Wewe ulisubiri ya tatu.

Aina ya pili ya uamuzi ni ya kanuni: mwamuzi anasema kilichotokea, halafu anakitolea hukumu. Ukweli wa tukio haubishaniwi, ila hukumu inaweza kuulizwa. Na ajabu ya mechi yako ni kwamba ulipiga kelele kwenye suala la jicho, ukanyamaza kwenye suala la kanuni, lile la alama tatu.

Kanuni inasemaje? Akianzisha mpira mtu ambaye si zamu yake, wapinzani wanapata alama na mpira, na mpangilio unarekebishwa. Mtunza alama alitakiwa atoe taarifa mara tu mpira ule ulipopigwa. Asipoona, mchezo ukaendelea, akagundua baadaye, anatakiwa aonyeshe kwenye karatasi kosa lilianza wakati gani hasa. Akiweza, alama zote ambazo timu iliyokosea ilizipata tangu wakati huo zinafutwa, na za wapinzani zinabaki. Akishindwa kuonyesha, hazifutwi hata moja. Wapinzani wanapewa alama moja na mpira tu.

Umeona mlango ulipokuwa? Kama mtunza alama aliweza kuthibitisha kwamba yule binti alianza vibaya tangu mpira wa kwanza, kufutiwa tatu ni halali kabisa. Kama walikuwa wanakadiria, au walibishana mezani kisha wakaamua "tufute zote", hapo ulikuwa na hoja ya nguvu. Mpira ulikuwa umekufa, yaani mchezo umesimama, karatasi iko mezani, na nahodha wako alikuwa na haki kamili ya kwenda kuuliza: kosa limeanza lini, na mnaonyesha wapi? Sikuwepo, kwa hiyo sisemi mlionewa. Nasema hamkuuliza.

Na ni nahodha, si wewe. Kocha kazi yake na waamuzi inapita kwa mwamuzi wa pili, kwa mapumziko na mabadiliko ya wachezaji. Anayeruhusiwa kumwomba mwamuzi wa kwanza ufafanuzi ni nahodha aliye uwanjani pekee, mpira ukiwa umekufa. Nahodha huyohuyo anaweza kuomba mpangilio wa wachezaji uhakikiwe. Ataambiwa wa timu yake, na kwa wapinzani ataambiwa tu kama wamesimama sahihi au la. Timu iliyochanganyikiwa kwenye mzunguko, kama yenu siku ile, ingeokolewa na ombi hilo dogo kabla ya kuanzisha mpira.

Hapa nawageukia pia waamuzi wenzangu, hasa wa mashindano ya vyuo. Nahodha akija kwa heshima kuomba maelezo, kumwambia "rudi ucheze" ni kuvunja kanuni. Mwamuzi haruhusu mjadala juu ya uamuzi wake, ndiyo, lakini analazimika kueleza ametumia kanuni ipi na anaitafsiri vipi. Nimeona mechi nyingi zikichafuka kwa sababu nahodha alifukuzwa kama mtoto, kocha akaona hakuna njia nyingine zaidi ya kuinuka. Sentensi moja ya maelezo kutoka kwenye ngazi hupunguza joto la benchi zima.

Nahodha asiporidhika na maelezo, analo jambo moja zaidi, nalo ni la papo kwa papo. Anamwambia mwamuzi wa kwanza, kabla mpira unaofuata haujaanzishwa, kwamba timu inahifadhi haki ya kuandika malalamiko. Mechi ikiisha, anayaandika au anamwambia mtunza alama ayaandike kwenye sehemu ya maoni ya karatasi ya mechi, kisha ndipo anasaini. Haki hiyo ni kwa hukumu za kanuni tu. Ukilalamikia dabo kwa njia hiyo, unapoteza wino.

Sasa barua yenu ya kesho yake. Nahodha hakusema kitu wakati wa tukio la alama tatu, mwisho wa mechi akasaini karatasi isiyo na malalamiko. Kwa kanuni za mchezo shauri limefungwa, na matokeo hayatabadilika. Kama barua ni ya kuomba mechi irudiwe, msipoteze nauli kuifuatilia. Kama ni ya kuomba watunza alama wapewe mafunzo kabla ya mashindano, nitaiunga mkono, maana karatasi ya mechi ndiyo kazi inayopewa watu wa mwisho kupatikana.

Kwa mechi ijayo, tumia nusu saa ya mazoezi na nahodha wako peke yake. Mfundishe kuuliza bila kunyoosha mkono usoni kwa mtu, na mfundishe maneno yenyewe: "Mwamuzi, naomba ufafanuzi wa kanuni mliyotumia," na lile la pili, "Timu yangu inahifadhi haki ya kuandika malalamiko." Usimchague kwa sababu ndiye mpiga smashi bora. Mchague asiyewaka haraka. Hata libero, yule mchezaji wa ulinzi mwenye jezi ya rangi tofauti, anaruhusiwa siku hizi. Na amua mapema nani atashika unahodha endapo yeye atabadilishwa, kwa sababu kila wakati lazima awepo mmoja uwanjani.

Kuhusu kadi yako: kwa kanuni za mchezo iliisha na mechi ile, mechi ijayo unaanza upya. Ila soma kanuni za mashindano yenyewe, kwani waandaaji wanaweza kuwa na adhabu zao za nyongeza kwa makocha waliopewa kadi. Hilo likague kabla ya kupeleka orodha ya timu.