Petroli yenye ethanoli na isiyo na ethanoli: niliyoyakuta ndani ya kabureta

Mkuu mtoa mada, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kama petroli iliyochanganywa ethanoli (alkoholi) inaua injini, kama inamaliza mafuta haraka, na kama jenereta yako iliyogoma kuwaka baada ya kukaa miezi minane imeharibiwa na mafuta hayo. Waliotangulia kuchangia wamegongana. Mmoja anasema ethanoli ni sumu ya injini, mwingine anasema hizo ni hadithi za wauza dawa za kuongeza kwenye mafuta. Nimekuwa nikifungua injini ndogo kwa miaka kumi na miwili, nina gari la kila siku na pikipiki ya zamani, na hawa wawili wote nawaelewa. Kila mmoja anaisema mashine aliyoizoea.

Nianze na gari kwa sababu halina mengi. E10 maana yake ni petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10. Lita moja ya ethanoli ina nishati ya megajuli 21 hivi, wakati lita ya petroli ina kama 32. Ukichanganya moja kwa tisa, lita ya E10 inapungukiwa nishati kwa asilimia 3 na kidogo. Kwa mwaka mzima niliandika kwenye daftari kila nilipojaza tenki, miezi sita kwa mafuta haya na sita kwa yale, njia ileile ya kazini. Bila ethanoli wastani ulikuwa lita 8.0 kwa kilomita 100, na kwa E10 ulikuwa 8.3. Hiyo ndiyo tofauti. Anayekwambia gari lake lilipoteza robo ya mwendo kwa E10, gari lake lina ugonjwa mwingine, au aliwekewa E85, yenye ethanoli hadi asilimia 85. Hiyo ndiyo inayokula robo na zaidi.

Injini ya gari la kisasa haiteseki kwa E10, na sababu yake ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Petroli tupu inahitaji kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue sawasawa. Ethanoli inahitaji kilo 9 tu, kwa kuwa imekuja na oksijeni yake mwilini. E10 inaangukia kwenye 14.1 hivi. Sensa inaona moshi una hewa ya ziada, inaiarifu kompyuta ya injini, nozeli zinaachwa wazi kitambo kidogo zaidi, na mambo yamekwisha. Dereva hajui lolote.

Tena gari linaloendeshwa kila siku lina faida zake kwenye ethanoli, na hapa namuunga mkono mchangiaji wa pili. Oktani yake, yaani kipimo cha mafuta kutolipuka kabla ya wakati, ni kubwa, zaidi ya 105, kwa hiyo inazuia injini kugonga. Inapogeuka mvuke inanyonya joto jingi kuliko petroli, ndiyo maana wenye injini za turbo wanaipenda, kwani hewa inaingia silinda ikiwa imepoa. Na vile vitone vichache vya maji vinavyojikusanya chini ya tenki, ethanoli inavibeba ikaenda kuunguzwa navyo, badala ya kuviacha vikae chini vikilea kutu. Brazil walianza mpango wao wa kitaifa wa ethanoli mwaka 1975, leo petroli yao ya kawaida ina ethanoli inayozidi robo, na tangu 2003 wanauza magari yanayokubali petroli au ethanoli kwa kiwango chochote. Magari yao yanatembea miaka kwa miaka. Kwa hiyo aliyesema ni sumu kwa injini yoyote amekosea, kwa sababu injini iliyotengenezwa kwa kuitarajia ethanoli inaishi nayo bila taabu.

Sasa tuje kwenye mashine zangu, ambazo ndizo zinanifanya niandike hivi usiku.

Jenereta, mashine ya kufyekea nyasi, msumeno wa mnyororo, mashine ya boti, pikipiki ya zamani. Nyingi ya hizi zina kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, na kabureta haina sensa wala kompyuta. Tundu la jeti, kile kipande kinachopitisha mafuta, lilitobolewa kiwandani kwa kipimo fulani, na linapitisha ujazo uleule, uweke petroli tupu au E10. Ukiweka E10 mchanganyiko unapungua mafuta kwa kama asilimia 4, injini inapata hewa nyingi kuliko inavyohitaji, na inachemka. Kama ilitoka kiwandani ikiwa imeshabanwa mafuta ili moshi uwe safi, hiyo asilimia 4 inaonekana. Pikipiki yangu ilikuwa inakohoa ukiachia mkono wa mafuta na silinda ilikuwa inawaka moto kupita kawaida. Niliongeza jeti ya mwendo mdogo kwa namba moja tu, ikatulia hadi leo.

Kwa mashine za mapigo mawili, zile za kuchanganyiwa oili kwenye petroli, kuna hatari ya mwili kabisa. Mchanganyiko ukipungua mafuta, injini inaweza kuongeza mzunguko hata ikiwa imeachwa bila kukandamizwa. Kwenye msumeno, mzunguko ukipanda klachi inashika, na mnyororo unaanza kukimbia wenyewe wakati umeushika ukidhani umetulia. Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye msumeno ulioletwa na mteja. Ukibadili mafuta, rekebisha skrubu ya mzunguko kabla ya kuingia kazini. Nakuomba usiidharau hii.

Ila joto na jeti si chochote mbele ya tatizo la mafuta kulala. Ukweli ni kwamba machozi mengi ninayoyaona kwenye meza yangu yametoka kwenye mashine iliyohifadhiwa, mara chache sana iliyokuwa kazini.

Ethanoli inapenda maji. Lita moja ya E10 kwenye baridi ya nyuzi 15 inaweza kubeba maji kama mililita 5, kijiko kimoja cha chai, yakiwa yameyeyuka humo na usiyaone. Petroli tupu haibebi hata sehemu ya kumi ya hiyo. Maji yakizidi kijiko hicho, ethanoli inafanya uamuzi: inaachana na petroli na kuyafuata maji. Zote mbili zinashuka chini ya tenki zikiwa tabaka moja zito. Na uwezo wa kubeba unapungua baridi ikiongezeka, kwa hiyo mafuta yaliyokuwa sawa mchana yanaweza kutengana usiku wa baridi kali.

Sasa fikiria mafuta yanavutwa kutoka wapi: chini kabisa. Injini inanyweshwa maji na ethanoli, haiwaki. Petroli iliyobaki juu nayo si ile uliyonunua. Mara nyingi msambazaji alianza na petroli ya oktani ya chini akitegemea ethanoli iipandishe, na ethanoli ikizama oktani inazama nayo. Hakuna dawa ya chupa itakayorudisha tabaka hizo mbili kuwa moja. Hapo kuna kazi ya kumwaga tu.

Hata hivyo niwe mkweli kuhusu jambo moja linalotiwa chumvi sana. Watu wanadhani E10 inavuta maji kutoka hewani usiku mmoja. Tenki lenye kifuniko kizima linahitaji miezi mingi ili mvuke wa hewani pekee ufikishe kiwango cha kutengana. Mafuta mengi niliyoyakuta yametengana yaliingiliwa na maji kwa njia nyingine: kifuniko kilichopasuka mpira, dumu lililoachwa nje mvua ikalikuta, au tenki lenye mafuta kidogo na hewa nyingi ambalo ukuta wake wa bati unatoa jasho kila alfajiri. Ukiziba njia hizo umeshinda nusu ya vita.

Nusu nyingine ni mpira na metali. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mashine mbili za kufyekea nyasi za aina moja, nilizinunua siku moja. Moja niliipa E10, nyingine petroli isiyo na ethanoli, mafuta ya kulainisha yaleyale kwa kipimo kilekile. Nilizitumia msimu mzima, sikuona tofauti ya nguvu hata chembe. Zikalala miezi sita, mafuta yakiwa ndani, kwa makusudi. Ile isiyo na ethanoli iliwaka kwa kuvuta kamba mara saba, ikitoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Ile ya E10 haikuwaka kabisa. Nilipoifungua, kijipaipu cha mafuta kilikuwa kimevimba na kulainika, ukikibana kinabaki kimebonyea. Diaframu ya kabureta, utando wa kusukuma mafuta ambao unatakiwa uwe laini, ilikuwa ngumu na imejikunja pembeni kama jani kavu. Mashine mbili hazitoshi kuwa utafiti, najua. Lakini tangu hapo nimebadilisha diaframu za aina ile mara nyingi, na hadithi ya mwenye mashine inafanana mno: aliiweka stoo na mafuta yake.

Mipira ya zamani, gasketi za gome la mti (cork), na baadhi ya gundi hazikutengenezwa kukutana na alkoholi. Mipira ya aina ya Viton inavumilia, kwa hiyo ukibadilisha paipu na sili, tafuta zilizoandikwa kuwa zinakubali ethanoli, na tatizo la mpira linakwisha. Metali ni hivyohivyo. Ethanoli ikishakuwa na maji ndani yake inakula alumini, zinki na shaba, na ndiyo ule unga mweupe na ile rangi ya kijani unayoikuta kwenye bakuli la kabureta. Kwenye boti ilikuwa mbaya zaidi. Marekani walipoingia kwenye ethanoli kwa wingi mwaka 2006 hivi, wenye boti za zamani zenye matenki ya faibaglasi waligundua kuwa ethanoli inayeyusha utomvu (resini) unaoshikilia tenki lenyewe, na uchafu ule mweusi unaenda kuganda kwenye valvu. Si ajabu kwamba huko E15 imeruhusiwa kwa magari ya kuanzia 2001, na imekatazwa kwenye pikipiki, boti na mashine ndogo.

Kitu kingine: ethanoli inaosha. Tenki la miaka mingi lililotumia petroli tupu, siku ya kwanza ya E10 linaachia utando wote wa ukutani, na chujio linaziba. Badilisha chujio baada ya kujaza mara mbili au tatu, kisha endelea.

Kwa hiyo kwenye matumizi yako, mkuu: gari jaza chochote ambacho mtengenezaji ameruhusu kwenye kitabu chake, na usipoteze hela kwa woga. Mashine inayolala zaidi ya mwezi mmoja, ipe isiyo na ethanoli kama inapatikana. Kama haipatikani, tumia E10 mbichi, na siku ya kuilaza fungua skrubu ya bakuli umwage, au funga koki ya mafuta uiache injini iunguze kilichomo hadi izime yenyewe. Hili la mwisho linahusu kabureta ya bakuli. Usiache kwa sababu eti umeweka isiyo na ethanoli, maana petroli tupu nayo inachacha, inapoteza sehemu zake nyepesi na kuacha ulimbo wa kahawia kwenye jeti. Inachelewa tu.

Kama huamini kilichoandikwa kwenye pampu, pima mwenyewe. Chukua chupa nyembamba ya kioo yenye alama za mililita, weka maji mililita 10, ongeza petroli mililita 90, ziba, tikisa vizuri, iache itulie. Fanyia nje, mbali na moto. Petroli isiyo na ethanoli itaacha maji kwenye alama ileile ya 10. Ikiwa ni E10, tabaka la chini litapanda kukaribia 18 au 19, kwa kuwa ethanoli imehamia huko. Mafuta hayo uliyopimia usiyarudishe tenkini.

Kuhusu jenereta yako, usiendelee kuvuta kamba wala kupulizia dawa ya kuwashia. Toa mafuta yote ya tenki kwenye chombo cha kioo na uyaangalie kwenye mwanga. Ukiona mstari unaotenganisha juu na chini, umepata jibu la swali lako la tatu. Halafu fungua bakuli, chomoa jeti, ushike juu uangalie tundu kama unaona mwanga ng'ambo. Lisafishe kwa dawa ya kabureta na upepo, usichokonoe kwa waya wa chuma, utalipanua na kuharibu kipimo. Boya na sindano yake viangalie kama vinapanda na kushuka bila kukwama. Piga picha ya bakuli kabla hujalifuta uiweke hapa, rangi ya uchafu itatuambia kama ni ulimbo tu au metali imeanza kuliwa.