Kitabu cha roboti: bure sawa, lakini kitanifaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuo, nataka kujifunza roboti zinazojiendesha zenyewe. Nimepata PDF ya Introduction to Autonomous Robots ya Nikolaus Correll na wenzake, iko bure kabisa, ila mshkaji wangu hostel anasema ngumu sana ntapotea. Nitajuaje kama inanifaa?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mi kitabu cha roboti naanza kukipima kwenye sehemu inayoeleza roboti inajuaje iko wapi, maana ndo pagumu penyewe. Chukua roboti ya magurudumu mawili yaliyoachana sentimita 20, la kushoto likateleza kidogo tu, la kulia likawa limeenda sentimita 1 zaidi, hapo roboti imeshapinda karibu digrii 3 na enkoda, kile kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, haina habari, ikitembea mita 2 mbele inakuwa imehama kama sentimita 10 pembeni huku yenyewe inaamini imenyooka! Kitabu kizuri kinakufanya upige hiyo hesabu kwa mkono, ukishaona kosa linavyokua ndo kinakuletea sensa, yaani vifaa vya roboti kuhisi mazingira, na filta ya Kalman, hesabu ya kuchanganya makadirio ya roboti na vipimo vya sensa ili kosa lipungue. Kibovu kinakurushia fomula tu, unakariri, mtihani ukiisha na yenyewe imeisha.

Cha Correll, kilichotolewa na MIT Press 2022, kwa hilo nakikubali sana, kinatoka kwenye mwendo wa magurudumu, kinaingia sensa, kutokuwa na uhakika, hadi roboti kuchora ramani huku inajitafuta humohumo. Ila mshkaji wako hajakosea, kinakwenda haraka na kinataka matrisi na hesabu za uwezekano. Kwa hiyo anzia nyuma, kuna viambatisho vya trigonometria, matrisi na takwimu, vimalize kwanza wala usione aibu.

Bado kizito? Basi shika Elements of Robotics cha Ben-Ari na Mondada, Springer 2018, nacho bure, kimeandikwa kwa wanafunzi wa sekondari na wanaoanza chuo na kina mazoezi mengi ya kufanya, halafu ndo urudi kwa Correll.

Na hela ya kununua roboti itunze kwanza, pakua Webots, simyuleta ya bure, yaani programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, tengeneza hiyo roboti ya magurudumu mawili, gurudumu moja lipunguze spidi kidogo tu, uangalie inakoishia.